Zamu ya Mama Elieza

Vijana mlioko vyuoni, mtanisamehe nikianza na habari za tope badala ya habari za hewa. Mwalimu mmoja wa kwenu ameniomba nieleze tulivyokuwa tukiwafundisha wanachuo mambo ya mabadiliko ya hali ya hewa huku Upare, siku ambazo maneno hayo yalikuwa mageni hata kwa wakufunzi. Nilimwambia mimi sikuwa mkufunzi. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa na chuo kimoja cha ualimu hapo Same kutunza stoo ya mafunzo ya vitendo: majembe, makarai, masufuria, blanketi, taa za chemli. Wanachuo waliniita Bwana Stoo. Hata leo nikipita stendi ya Same huwa kuna mtu mzima, ameshika mtoto mkono, anayegeuka na kuniita hivyo, na mtoto wake anashangaa jina gani hilo.

Msidhani mnaongea na kikongwe. Hamsini sijaifikia. Wengine wanastaafu kwa umri, mimi nilistaafishwa na zama. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, sisi wa stoo tulitangulia, maana stoo yenyewe haikuwa tena na kitu cha kutunzwa. Tangu hapo sijakaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Nimelima mpunga Ndungu, nimepakia malori Hedaru, nimelinda shamba la mtu kule Bendera. Popote ninapokuwa, jua likipungua ukali, nainua macho kuitazama milima kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyokwisha kuiuza.

Kwa hiyo nitawaeleza niliyoyaona nikiwa nimebeba majembe. Ya vitabuni mnayo wenyewe.

Miaka ile ilikuwa ya ajabu. Madukani vitu vilianza kurudi, sabuni, betri, redio za kutoka Dubai, mitumba imerundikwa chini mpaka mtu anachagua koti huku amelikanyaga lingine. Lakini chuoni kwetu vitu viliondoka. Landrova ilisimama chini ya mchongoma kwa kukosa dizeli, kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva. Wanachuo waliambiwa wachangie chakula chao. Milimani bei ya kahawa ilianguka, watu wakang'oa mibuni, na malori yaliyokuwa yakipanda kufuata kahawa yakawa yanapanda kufuata mbao. Huku chini mashamba ya mkonge yalifungwa moja baada ya jingine. Vijana waliokuwa wameshuka kutafuta kazi wakarudi kupanda mlima na masanduku yao, na nyumba nyingi zikajaa mikono isiyo na la kufanya.

Na mvua nazo zikabadilika. Sisemi kwamba zilikoma. Zilibadilika tabia. Vuli ilikuja imechelewa, ikamwaga yote kwa mkupuo mmoja, ikaondoka na udongo wa watu. Ukungu uliokuwa ukilala juu ya msitu wa Shengena mpaka saa nne asubuhi ukawa unaondoka mapema kama mgeni asiyependezwa na chakula.

Mtu wa kwanza niliyemsikia akiyaunganisha hayo yote alikuwa Mwalimu Mbwambo, mkufunzi wa jiografia. Alikuwa mwembamba, mpole, na mwenye haraka ya kueleza. Mwanzoni alifikiri kueleza kunatosha. Alichora dunia nzima kwenye karatasi ya ukutani, akaizungushia moshi kwa penseli, tukaibeba mpaka kijiji cha Lwandeni, mwendo wa kutwa kutoka Same kwa miguu. Kanisani pale akaeleza habari za viwanda vya Ulaya na joto linavyonaswa. Wanachuo waliokwisha kuisikia mara tatu walisinzia mbele za watu. Alipomaliza akauliza kama kuna swali. Mama mmoja akasimama.

"Mwalimu, hiyo dunia yako nimeiona. Sisi tuko wapi hapo?"

Mwalimu akaonyesha kwa kijiti.

"Na moshi huo tumeuwasha sisi?"

"Hapana mama. Si hasa."

"Basi waambieni waliouwasha," akasema, akakaa.

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima. Tukaikunja dunia yetu tukashuka nayo.

Safari ya pili tulikwenda na miche. Tulipanga Jumamosi kwa sababu ndiyo siku isiyo na vipindi. Hakuna aliyekumbuka kwamba Lwandeni nzima ni Wasabato. Tulitoka Same usiku wa Ijumaa, tukafika na miche mabegani, tukakuta kijiji kimya, watu wamevaa nguo nyeupe wako ibadani, hakuna hata jembe lililoegemea ukuta. Wanachuo wakapanda miche peke yao, wakaimba nyimbo zao, wakapiga picha moja kwa kamera ya kuazima. Jumapili mbuzi walifunguliwa. Jumatatu haukubaki mche hata mmoja wenye jani. Watu wa pale hawakuwa na ubaya, ila miche ile haikuwa ya mtu. Mti ambao hukuniita kuupanda, kwa nini niwafukuze mbuzi wangu kwa ajili yake?

Habari zilitufikia Same, mimi na Mwalimu Mbwambo tukapanda kuona vijiti vitupu, tukashuka. Tulipofika karibu na barabara kubwa akaniuliza, "Bwana Stoo, wewe ungekuwa mwanachuo, ni nini kingekufanya usisinzie?"

Nilimjibu bila kufikiri sana. "Kiu, mwalimu."

Alicheka, lakini muhula uliofuata alikuja na shauri jipya. Wanachuo sita wangekaa Lwandeni vuli nzima, walale katika darasa tupu la shule ya msingi, walime maharage kwa maji yaleyale wanayotumia wenyeji, na maharage hayo ndiyo yatoe alama zao za vitendo. Mkaguzi wa chuo angekuja mwisho wa msimu kuyatazama yakiwa shambani. Mimi nilipewa kazi ya kuwapelekea unga, chumvi na mafuta ya taa.

Hapa inanipasa nieleze ndiva, maana wengi wenu mmetoka mbali. Ndiva ni bwawa dogo la kuchimba kwa mkono, limejengewa mawe na udongo wa mfinyanzi, liko juu ya mashamba. Usiku kucha mfereji unalijaza maji ya chemchemi. Alfajiri kizibo kinatolewa, maji yanashuka kwenye shamba la mwenye zamu. Zamu ikizunguka na kuwamaliza wote, inaanza upya. Wenye mashamba ya juu wanapata maji yakiwa na nguvu. Wa mwisho kabisa, mkiani, wanapata yaliyobaki baada ya udongo na mizizi kunywa njiani.

Mwenye shamba la mkiani Lwandeni alikuwa mjane tuliyemwita Mama Elieza, yule yule aliyemwuliza mwalimu habari za moshi. Ndiye peke yake aliyekubali kuwagawia wanachuo nusu ya shamba lake, pamoja na nusu ya zamu yake. Tulimwuliza kwa nini amekubali.

"Shamba langu limezoea shida," alisema. "Mkifeli hapa hamtashangaa sana."

Mtoto wake Elieza alikuwa na umri wa wanachuo wale. Alikuwa mkata mkonge kule chini mpaka shamba lilipofungwa. Alirudi na sanduku, panga na mdomo. Mama yake alikuwa amemwomba abaki nyumbani, na mwenyewe aliwaambia wanachuo shauri lake wazi wazi walipokuwa wakipima mistari ya kupandia.

"Mimi nasubiri maharage haya. Yakikubali, nabaki na bi mkubwa, tunapata mbegu, tunaendelea. Yakikataa, nakwenda Mererani kuchimba mawe ya vito. Washkaji zangu wameshatangulia."

"Mererani watu wanafukiwa," akasema Rehema. Huyu alikuwa binti wa Muheza, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Wenzake walimwita Mkuu wa Mkoa.

"Na hapa tunakauka," Elieza akamjibu. "Kila mtu achague kifo chake, dada mwalimu."

Mama yake alikuwa ameinama akipanda. Hakuinuka, lakini nilimwona mkono umesimama.

Maharage yakaota vizuri. Wanachuo walijifunza kupima mvua kwa kopo la maziwa lililotundikwa kwenye nguzo, na kupima unyevu wa udongo kwa kuufinya kiganjani: ukishikana na kubaki na alama ya vidole, subiri, ukimomonyoka, omba zamu yako isiwe mbali. Nilipopanda na unga niliwakuta wakibishana mambo ya mawingu kama watu wazima wanavyobishana siasa. Nikadhani kazi imekwisha, kumbe ilikuwa haijaanza.

Kila msimu ndiva inajaa tope, na tope lazima lizolewe na watu wote. Kazi hiyo ya pamoja Wapare wanaiita msaragambo. Haitangazwi kwa tangazo wala kwa mjumbe. Jioni inayotangulia baragumu linapigwa kutoka kilima cha juu, na kila aliyelisikia anajua kwamba asubuhi anatakiwa na jembe lake. Kumwendea mtu mlangoni kumkumbusha ni kama kumwambia ni mtoto. Na sheria ya ndiva ni fupi: wanaokunywa zamu moja watoke wote. Akikosekana mmoja wao, zamu hiyo inapelekwa nyuma, inakuwa ya mwisho kabisa kwenye mzunguko.

Baragumu lilipigwa wiki ambayo mimi na mwalimu tulikuwa Same tukihangaikia unga. Wanachuo walilisikia vizuri sana. Kwao hakuna hata mmoja aliyekuwa na ndiva. Gaudence, kijana wa Kigoma, mtaratibu, mwana wa katekista, akawaambia kwamba pembe ikilia jioni namna ile kuna mtu mkubwa amefariki. Wakasikitika. Wakashauriana, wakaona si adabu wageni kujipeleka kwenye msiba ambao hawakualikwa. Asubuhi walipoona watu wanapita kimya kimya na majembe, wakawa na hakika. Wanakwenda kuchimba kaburi. Basi wakajifungia darasani. Hawakuwasha hata redio. Rehema aliniambia baadaye kwamba walizungumza kwa kunong'ona kutwa nzima, na uji waliupika ndani moshi ukawatoa machozi, wasionekane wanakula wenzao wakilia.

Mchana Elieza akapita na mama yake, wamepakaa tope mpaka magotini. Rehema akatoka, akafunga kanga vizuri, akasema kwa upole, "Shikamoo mama. Poleni na msiba."

Elieza ndiye aliyejibu.

"Msiba upi?"

"Si mmetoka kuzika?"

"Tumetoka kuzoa tope. Aliyekufa ni zamu yetu."

Mwaka wenye maji, zamu kupelekwa nyuma ni aibu ya siku chache, watu wanakutania na kusahau. Lakini mwaka ule chemchemi ilikuwa imepungua na vuli haikuonekana. Ndiva ilikuwa ikilala usiku kucha na kuamka nusu. Shamba lililokuwa likinyweshwa kwa asubuhi moja likahitaji mbili. Mzunguko mzima ukarefuka maradufu, na mwisho wake, alipowekwa Mama Elieza, ukaenda mbali kuliko maharage yanavyoweza kuvumilia. Nilipopanda na unga niliwakuta wanachuo wote sita wamekaa ukingoni mwa shamba. Majani yalikuwa yameanza kujikunja mchana. Hakuna aliyenitania kuhusu stoo.

Mnaona, vijana, siku ile ndipo walipojua hali ya hewa ni kitu gani. Hata mimi nilijua hapo. Darasani tulisema mvua inapungua, kana kwamba inapungua kwa wote sawa. Haipungui sawa. Inaanzia mkiani. Wa juu anapoteza starehe, wa kati anapoteza ziada, wa mkiani anapoteza mtoto anayekwenda Mererani.

Mwalimu Mbwambo akawapeleka kwa Mzee Kajiru, mwenyekiti wa ndiva. Tulimkuta uani kwake akichonga mpini. Alikuwa mtu mkavu, asiyepoteza maneno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekuja kuomba zamu."

"Ndiyo, mzee," Rehema akasema. "Kosa ni letu. Yeye alitoka, mwanawe alitoka. Sisi ndio tulijifungia. Tuadhibu sisi."

"Nimekusikia. Ulijifungia kwa sababu gani?"

Rehema akaeleza habari za msiba. Mzee aliacha kuchonga. Mdomo wake ulicheza kidogo upande mmoja, akauzuia.

"Basi ni heshima iliyokosa njia," akasema. "Lakini zamu hairudi."

Gaudence akashindwa kujizuia. "Mzee, yale maharage ni chakula cha mjane. Sheria gani inamkausha mjane?"

"Sheria inayomnywesha mjane," Mzee Kajiru akajibu, bila kupandisha sauti. "Unamwona yule mwenye shamba la juu? Ana ng'ombe, ana ndugu serikalini. Angependa sana nivunje sheria mara moja. Nikiivunja leo kwa huruma, kesho ataivunja kwa nguvu, na maji hayatafika tena kwa mama yenu mpaka Yesu arudi. Msiniombe hilo."

Akarudia kuchonga, vipande vya mti vikaanza tena kudondoka. Nilidhani tunaaga. Rehema akabaki amesimama.

"Kama zamu haiwezi kusogea, mzee, mzunguko hauwezi kukimbia?"

Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayezungumza naye. "Ukiwa na maji mengi ndivani, mzunguko utakimbia wenyewe. Mfereji kutoka chemchemi unavuja. Kila mtu anajua unavuja. Hakuna mwenye nguvu ya kuuziba wote na njaa hii."

"Sisi tunayo," akasema.

"Basi nendeni. Hilo halihitaji ruhusa yangu."

Kazi ile nitaikumbuka kuliko zote nilizowahi kuifanyia stoo. Nilibaki nao, unga ukapungua tukala kwa kupima kwa kikombe. Elieza akaja akakaa juu ya jiwe kutucheka. Gaudence alikuwa anatupia udongo kwenye ufa kama mtu anayesiliba nyumba.

"Msomi, hapo unapaka poda," Elieza akasema. "Maji yakija yataoga."

"Shuka basi utuonyeshe."

"Nionyeshe nipate cheti?"

Lakini akashuka. Tukajifunza sote, yeye kwa mama yake, sisi kwake, na baadaye Rehema akamwonyesha jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria, la kuutembelea mteremko wote kwanza, kabla ya kugusa mfereji. Wakati wa ukame, mahali popote palipo na majani mabichi chini ya mfereji, wakati kwingine kumekauka, hapo juu yake ndipo maji yanapotoroka. Walitia vijiti kila penye kijani. Kisha wakafuata kijiti kimoja kimoja: toa udongo wa zamani mpaka ukute mgumu, shindilia maganda makavu ya mgomba, funika na mfinyanzi uliokandwa kwa miguu, uache ushike kabla ya kufungulia. Ukifanya haraka, unarudia kesho. Tulirudia mara nyingi. Ulipofika wakati wa kupumzika, Mwalimu Mbwambo alikaa kwenye majani na kuwaeleza tena habari za misitu inavyokamata ukungu, na joto, na bahari, mambo yaleyale ya kwenye karatasi ya ukutani. Hakuna aliyesinzia. Elieza aliuliza maswali kuliko wote.

"Kwa hiyo hata tukiziba hapa, kule juu wakimaliza miti na kule mbali wakizidisha moshi, chemchemi inakwenda zake?"

"Inaweza kwenda," mwalimu akasema.

"Sasa tunaziba ya nini?"

Mwalimu alikuwa na majibu mengi ya vitabuni. Akayaacha, akasema, "Ili ikienda, isiende kwa uzembe wetu." Elieza akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa, akachukua karai.

Ndiva ikaanza kuamka imejaa zaidi. Mzunguko ukaenda mbio, watu wa juu wakapata mapema kuliko walivyotazamia, wakaanza kuwasalimu wanachuo kwa majina. Lakini maharage hayasikilizi habari njema. Zamu ya mwisho ilipofika, maua mengi yalikuwa yamekwisha kuanguka. Na maji ya kufika mkiani, hata kwa ndiva iliyojaa, yangetosha nusu ya shamba tu.

Nusu ipi? Nusu waliyolima wanachuo ndiyo ambayo mkaguzi angekuja kuitazama. Hilo walijadiliana mbele yangu, alfajiri, kizibo kikisubiri.

"Tusijidanganye," Gaudence akasema. "Tukifeli vitendo, hatupati cheti. Nyumbani wameuza ng'ombe nije huku. Tungegawana robo kwa robo."

"Robo kwa robo yanakufa yote," Rehema akasema. "Unajua kabisa. Umeupima udongo mwenyewe."

"Najua. Nasema tu ili nisije nikasema baadaye kwamba sikusema."

Wakamtazama Mwalimu Mbwambo. Yeye akatazama chini. "Mkaguzi atakuja," alisema. "Sitawaficha. Nitawasemea, lakini simwezi."

Gaudence ndiye aliyechukua jembe. Alikwenda mpaka kwenye njia panda ya mfereji, akaiziba njia ya upande wao, akaikanyaga kwa kisigino mpaka ikashika. Maji yakaenda yote kwa Mama Elieza. Yeye alikuwa amesimama katikati ya mistari yake na jembe, akiyaongoza. Hakusema asante. Alisema tu, "Fungueni kidogo hapo kushoto," nao wakafungua.

Mkaguzi alikuja akatazama maharage makavu, akauliza maswali mawili, akaenda. Mwalimu alibishana naye njia yote ya kushuka, nami nilikuwa nyuma nimebeba mifuko, nikisikia sauti yake ikipanda. Wanachuo wakapewa alama ya chini kabisa ya kufaulu, na onyo. Nusu iliyonyweshwa ilitoa mbegu ya msimu mwingine na mboga ya majuma machache. Zaidi ya hapo, hakuna.

Elieza aliondoka kabla ya mavuno kwisha. Alipitia darasani kuaga, na sanduku lake. Hakuwa na hasira. Alimwambia Gaudence, "Ukiwa mwalimu, usiwafundishe kupaka poda." Akampa Rehema mkono. Mama yake alimsindikiza mpaka mahali njia inapoanza kuteremka, akasimama hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kumwona mtu akipotea kwenye kona.

Tumeokoa nini, basi? Nimejiuliza hivyo Ndungu, nimejiuliza Hedaru juu ya magunia. Mara nyingine najibu hivi, mara nyingine vile. Ninachojua ni kilichofuata, nanyi mtakipima wenyewe.

Masika yalipokaribia, chuo hakikuwa na fedha ya kupeleka mtu yeyote popote. Mafunzo ya Lwandeni yalifutwa, na mimi nilikuwa nimeshaambiwa nijiandae kupunguzwa. Nilipanda Lwandeni kukusanya majembe yaliyobaki, nikalala kwa Mzee Kajiru. Usiku huo huo alikuwa na habari ya kunipa: kesho ni msaragambo, baragumu limeshalia.

Asubuhi nikafika ndivani na jembe la serikali. Watu walikuwa wamekwisha kujipanga mstari kutoka chini ya bwawa hadi juu ya ukingo, tayari kupokezana makarai. Kwenye njia ya kutokea bondeni nikawaona wanachuo wanapanda, wanne kati ya wale sita, wamejaa vumbi la lori la mbao lililowapakia Same usiku. Wiki nzima walikuwa wakiwauliza madereva wa malori yanayoshuka kama pembe imelia. Hakuna aliyekuwa amewatuma, wala hapakuwa na alama za kupata. Wakavua viatu, wakaviweka pamoja na viatu vya wengine.

Mama Elieza alikuwa chini, tope likimfika magotini. Kila nyumba ilikuwa imesimama pamoja, baba na mke, mama na watoto. Upande wake wa kushoto palikuwa na nafasi, na mstari ulikuwa umeruka hapo. Karai lilipofika kwake ilimbidi apige hatua mbili kulifikisha kwa mtu wa pili, kisha arudi.

Rehema aliteremka taratibu akishika mawe, akaingia kwenye tope, akasimama katika nafasi ile. Hakuomba. Mama Elieza hakumtazama, wala hakumwambia toka. Karai likaja limejaa. Mama akalipokea, akageuka, akalinyoosha mbele ya Rehema.

"Shika chini," akamwambia. "Ni zito."